Mgongo wa Sweta la Nyangi

Mama Boke,

Nakuandikia Jumapili asubuhi, mkate ukiwa ndani ya lile tanuri la pipa nililokuchomelea kwa mkono wangu, lile lililokuwa likiunguza upande mmoja ukanicheka mwaka mzima. Siku hizi haliunguzi. Boke ameniambia nigeuze sinia mkate ukifika katikati. Wewe ulilijua hilo siku zote, ukaninyima makusudi ili nigundue mwenyewe. Mwalimu wewe!

Sisi ni wazima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Bustani kando ya kaburi lako imekubali. Boke amepanda mgagani na sukuma wiki, mistari imenyooka kuliko madirisha yangu. Nyangi naye amepanda maharage matano, na kila siku anayafukua aone yamefikia wapi. Nimemkataza. Akanijibu kwamba Mama alisema mwanafunzi lazima achunguze.

Pale hospitali uliniomba kitu kimoja tu, masomo yasisimame. Hukusema nitayaendeshaje mimi, fundi wa milango hapa Nyamongo, niliyeishia la saba. Wewe ulikuwa mwalimu wa serikali, umeletwa huku kutoka Njombe, ukaacha kazi baada ya Boke kuanguka kifafa darasani na wenzake kutimua mbio. Hakuna mtoto aliyekubali tena kukaa naye dawati moja. Nakumbuka ulivyorudi nyumbani siku hiyo umemshika mkono, ukasema, "Basi shule itahamia kwangu." Ikahamia kweli. Hesabu za sehemu zikawa za mkate, sayansi ikawa bustani, na Alhamisi ikawa siku ya kufuma. Nyangi alipoona dada yake anasomea nyumbani, akajiandikisha mwenyewe. Ana miaka mitano na hadanganyiki, ukimkatia theluthi badala ya nusu anasusa chai.

Basi nikajikaza. Asubuhi nafundisha, mchana nafungua karakana. Nikikwama, Boke anasoma madaftari yako kwa sauti na mimi nafuata nyuma. Ilikwenda vizuri mpaka Alhamisi ya kwanza. Nikawapa nyuzi, nikakaa pembeni kama mkubwa. Boke akanitazama, akasema, "Baba, Mama alikuwa anafuma na sisi."

Sasa, Mama Boke, unawajua vijana wa bodaboda wanaokaa mbele ya karakana yangu, pua na mdomo na nyumba yetu. Unajua wangesema nini wakiona Mkurya mzima, mchomelea vyuma, ameshika sindano za kufumia. Nikafunga mlango na dirisha. Nikajinolea spoku mbili za baiskeli kwenye mashine ya kusagia vyuma, maana zako sikuweza kuzishika. Hata leo siwezi. Tulikubaliana tumfumie Nyangi sweta, Boke afume mbele, mimi mgongo. Boke akawa fundi, mimi kibarua. Kila nikikosea alisema lile neno lako, kwa sauti ile ile yako: "Fumua." Mara nyingine nilikuwa nafumua huku machozi yananitoka, naye anajifanya hayaoni.

Halafu Boke akaanguka. Ilikuwa bustanini, saa nne asubuhi, na dawa alikuwa amemeza. Nilifanya ulivyonionyesha. Nilimlaza ubavu, nikalegeza nguo shingoni, sikumtia kitu mdomoni. Nyangi alileta mto, akachuchumaa kuhesabu, akafika tisini ndipo dada yake akatulia. Kule kliniki wakaongeza dawa kidogo, hajaanguka tena. Lakini jirani alishaona, na habari ilifika Sirari kwa dada yangu kabla sijamaliza kumpangusa mtoto udongo.

Dada Ghati alikuja kesho yake, na alimleta Baba Mdogo, mzee wa ukoo wetu, ili jambo liwe zito. Unamjua dada yangu. Hana roho mbaya, ila akishaamua ameamua. Alitaka kumchukua Boke. Alisema mtoto mgonjwa hahitaji vitabu, akakae Sirari apumzike, amsaidie kazi ndogo ndogo. Nilijua maana yake. Maana yake ni chumba cha nyuma, na wageni wakija anaambiwa asitoke. Nikasema mtoto anasoma. Dada akacheka. "Wewe mura, kijana wetu, unachomelea vyuma. Unamfundisha nini huyu?"

Ndipo akaona vile vipande viwili vya sweta juu ya meza. Akakishika cha mbele, akakigeuza, akasema hiki cha marehemu, tunamjua mkono wake. Akashika cha nyuma. Mama Boke, mgongo ule ulianza mpana ukaishia mwembamba, na katikati una tundu la kupita kidole. Akamwonyesha Baba Mdogo. "Ona kazi ya mtoto. Huyu kweli anajifunza?"

Boke aliinamisha kichwa. Alijua ukweli wote na hakusema hata neno. Alikuwa ananisitiri mimi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa tayari kupelekwa Sirari ili baba yake asichekwe.

Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikasimama, nikafungua dirisha na mlango, wote wanaotaka kusikia wasikie. Nikasema, "Hicho kibovu ni changu. Cha mbele ni cha Boke, na ndiye anayenifundisha."

Walicheka, nisikufiche. Vijana wa boda walipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Baba Mdogo hakucheka. Akasema, "Fuma tuone." Nikachukua spoku zangu nikakaa kwenye kigoda, nikaanza mstari. Sikufika mbali. Boke alisahau kabisa kwamba kuna wageni, akaja akainama begani kwangu. "Baba, umeruka kitanzi. Fumua mpaka hapa." Akanionyesha kwa kidole, taratibu, bila kuninyang'anya kazi, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Dada Ghati akaacha kucheka. Alikuwa amekusikia wewe, mke wangu. Sote tulikusikia.

Baba Mdogo akachukua kofia yake. "Mtoto mwenye mwanafunzi haondolewi shuleni," akasema, na kikao kikaishia hapo. Dada aliondoka na mkate mzima, na kabla ya kupanda boda alimuuliza Boke uzi wa sweta unauzwa wapi.

Nakukumbuka mpaka kifua kinauma. Lakini sitetereki tena. Siku hizi nafumia mlangoni pa karakana, kweupe, na kijana mmoja wa boda ameniuliza soksi za mtoto wake zitachukua muda gani. Nimemwambia aje Alhamisi, aje na spoku zake.

Sweta tumeliunga, na Nyangi halivui. Boke alisema mgongo nifumue nianze upya, maana ndiyo sheria yako. Nakuahidi nitafumua kila kosa langu jingine, na shule yako haitafungwa maadamu mimi nipo. Ila mgongo ule, mwalimu wangu, naomba ruhusa. Ule sitaufumua.

Pumzika salama. Mkate umeiva, na Nyangi anadai nusu yake.

Baba Boke