Jivu Nililolikaanga

3 Mei

Dada yangu mpendwa,

Kijino amenitemea jivu mkononi sasa hivi, tena akacheka, vijino vyake viwili vyeusi kama mbegu za papai. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila hilo jivu ndilo lililonishikisha kalamu.

Mwenye nyumba amelimwaga uani kuziba matope. Kalitoa kwenye karakana wanakoyeyusha betri kuukuu za magari. Nilipomwambia mtoto anatambaa humo, kanijibu, "Jivu ni jivu, mama. Bibi zetu walisugulia vyombo."

Nikakukumbuka. Si ulisema kazi yenu huko maabara ni kupika taka mpaka ziseme zina nini? Basi nimekutumia kopo moja kwa dereva wa basi. Tena nimekupunguzia kazi: nimeshalikaanga kwenye sufuria, moto mdogo, nikikoroga lisiungue.

Mdogo wako,
Mama Kijino

10 Mei

Mdogo wangu,

Salamu tele, na Kijino mbusu mashavu yote mawili, baada ya kumnawisha. Kifua kimetulia. Kopo limefika. Mwenzangu wa mezani kalinusa, akauliza, "Mbona hajatia chumvi?" Tumecheka mpaka tukakaa chini.

Lakini siwezi kulipima. Sufuria ina madini yake, kopo nalo lina yake. Sitajua anayesema ni jivu au ni sufuria. Kosa ni langu, "kupika" ni utani wetu wa kazini. Tunakausha, tunasaga, tunachekecha, tunapima nusu gramu, yaani ncha ya kijiko. Tunaitia kwenye chupa nene ya plastiki pamoja na asidi, tunakaza kifuniko, halafu inaingia kwenye mikrowevu, ndugu ya ile ya kupashia chakula, ila hii ina hasira zaidi. Tunangoja ipoe, ukifungua kwa pupa itakurukia usoni. Kinachobaki ni maji maangavu, na hayo ndiyo mashine inayasoma. Kila mara chupa moja tunaipika bila taka, asidi peke yake, tujue kama sisi wenyewe hatukuchafua.

Chota upya. Kijiko cha plastiki, sehemu kumi za ua, mfuko mpya. Usioshe, usichemshe, usionje. Ninachohofia ni risasi, madini yenye sumu kwa mtoto. Kijino asiguse chini.

Dada yako

13 Mei

Dada,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ni ya ile chupa tupu. Nimewasimulia majirani wote. Wasomi wazima, wanajipima wao kwanza! Hapa kwetu tunaanza na mwenzetu.

Jivu ndilo hilo, bichi. Baba Kijino aliposikia "risasi" akauliza nani kapigwa. Nikamwambia hii ni ya kwenye betri, haina mlio. Akaenda kumwinua mtoto. Sasa tunapokezana kumbeba kutwa.

Mdogo wako

29 Mei

Mdogo wangu,

Mgongo u hali gani? Keti kwanza. Chupa tupu ilitoka safi, kwa hiyo jibu ni la jivu lenyewe. Nimepika chupa tatu, zote zina kauli moja: risasi imezidi mara ishirini kiwango kinachoruhusiwa wanapocheza watoto. Karatasi yenye muhuri imo humu. Mpeleke Kijino akapimwe damu kesho, si keshokutwa. Ndipo umwone mwenye nyumba.

Na usinisifu mno. Mimi nimeiuliza mashine tu. Aliyeshuku ni wewe.

Dada yako

2 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kimya, nimeshinda hospitali na mtoto. Risasi ilikuwemo kwenye damu ya Kijino, lakini daktari amesema tumewahi. Jana tumepima tena: imeshuka! Nikalia, muuguzi akadhani sijaelewa, akanieleza upya.

Mwenye nyumba alisema karatasi zinachapwa popote. Nikamnyooshea mfuko wa jivu lililobaki, nikamwambia, "Basi shika wewe, upeleke maabara unayoiamini." Akautazama. Hakuugusa, dada. Mikono aliitia mfukoni.

Leo bwana afya, niliyemwonyesha ile karatasi, kaja na lori, wanaume wamejifunga vitambaa puani, wanakwangua mpaka udongo wa chini. Anataka karatasi yako isomwe kwa sauti, wapangaji wajue wanachoondolewa. Wanaita, "Mama Kijino! Njoo usome wewe, ni ya dada yako!" Mimi niliyeishia darasa la tano! Nakuja, nakuja! Dada, nitasoma kila neno, na jina lako pale chini nitalisoma mara mbili, maana bila wewe tungeendelea kusema jivu ni jivu.

Mdogo wako