Kope za Sumaku za Harusi ya Sephora

Panda, Likasi,
Tarehe 13 mwezi wa nane, 2025

Mpendwa mdogo wangu Reine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku Panda. Hamjambo wewe na watoto? Mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kusimama saluni siku nzima umepoa? Na baridi ya huko Durban imepungua? Huku kwetu asubuhi bado tunavaa sweta mbili, na upepo wa mwezi wa nane umeanza kutujazia vumbi ndani ya sufuria. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Adolphe anakohoa kidogo, lakini unamjua shemeji yako: akikohoa leo, anasema ni sigara alizovuta akiwa kijana.

Nakuandikia kwa kalamu kama zamani kwa sababu tangu simu yako iibiwe sijui nikupate wapi. Willy, dereva aliyeleta kifurushi chako, anarudi kusini keshokutwa na lori lake, naye ameahidi kukupa barua hii mkononi. Nimemwambia akiipoteza asikanyage tena hapa kwangu kula bukari.

Kifurushi kilifika Jumanne ya wiki iliyopita, siku nne kabla ya harusi. Asante sana, mdogo wangu. Lakini nikuambie ukweli, hadi leo sijaelewa vizuri ulitutumia nini.

Unakumbuka nilivyokueleza siku ya mwisho tulipoongea. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi kali, nikamwambia Sephora wetu awashe mbabula, lile jiko la makaa, tuote moto. Makaa yalikuwa na unyevu. Yeye ameinama anapuliza, mimi nikaona anachelewa, nikachukua chupa nyuma ya mlango nikamimina kidogo juu ya makaa. Nilidhani ni mafuta ya taa. Kumbe ni petroli ya jenereta, moto ukamrukia usoni. Mungu alisaidia, macho yenyewe hayakuguswa na ngozi imepona vizuri, lakini kope ziliungua zote, na nyusi nusu. Binti wa kuolewa, bado mwezi mmoja tu. Wengine walisema ni shetani anaionea harusi wivu. Reine, si shetani. Ni mkono wangu na haraka yangu.

Tangu siku ile Sephora hakunitukana wala hakulia mbele yangu. Alinijibu tu: ndiyo mama, hapana mama. Na akinijibu anaangalia pembeni. Afadhali angenipigia kelele, ningejua pa kuomba msamaha.

Nyusi hazikuwa shida, Dodo jirani yetu wa saluni alisema atazichora. Shida ilikuwa kope. Dodo anabandika kope kwa gundi, na muuguzi alikuwa amekataza: gundi isiguse macho yale hadi miezi mitatu ipite. Jumapili ya mwisho kabla ya harusi Sephora akaweka kijiko chini, akamwambia baba yake, si mimi: "Papa, minye siendi mu kanisa na macho ya samaki. Mumuambie Jean-Luc angojee." Jean-Luc ni mwalimu kule Kapolowe, kijana mpole, na kwao walikuwa wameshaalika kijiji kizima. Harusi ikisogezwa unajua watu wanavyoanza kutafuta sababu. Mimi siku ile sikuweza kula.

Basi ndiyo maana kifurushi chako nilikifungua kwa meno. Ndani kisanduku kidogo kama cha pete. Kope mbili nyeusi zimelala, na kwenye ukingo wa kila ukope vidoti vitano vidogo. Kibano cha plastiki. Kichupa cheusi chenye brashi ndani ya kifuniko. Na karatasi iliyoandikwa Kichina, pamoja na picha nne: jicho tupu, jicho lenye mstari mweusi, jicho lenye kope, halafu msichana anacheka. Mimi niliielewa ile ya nne tu.

Kile kichupa tulikinusa mmoja mmoja. Kinanuka kama duka la fundi viatu. Tukasema kwa sauti moja kwamba hii ni gundi, na muuguzi amekataza gundi. Nikakipandisha juu ya kabati, mbali kabisa, nikajiona mama mwenye akili. Ule mstari wa picha ya pili Dodo akauchora kwa wanja wake wa kila siku.

Sephora alikataa kuwa wa kwanza, kwa hiyo nilikalia kiti mimi. Nilisema kama kuna jicho la kupofuka, liwe la mzee. Dodo akashika ukope kwa kibano, akausogeza, akauachia. Ukaanguka kifuani. Akauweka tena, ukaanguka ndani ya chai. Tukaukausha, tukageuza juu chini, tukahamisha wa kulia kushoto, tukafuta wanja, tukapaka wanja mwingi zaidi. Wapi. Lakini ukiusogeza karibu na kijiko, unaruka na kung'ang'ania. Ulishika kijiko, ukashika ufunguo, ukashika kifuniko cha sufuria na bawaba ya mlango. Nyumba nzima ilipata kope, isipokuwa mimi.

Kaka yetu Firmin alikuwa amefika kutoka Kakanda kwa ajili ya harusi, amekaa anatuangalia huku anakula karanga. Unajua kazi yake ni kununua vyuma chakavu na nyaya, na mfukoni hatembei bila sumaku ya kupimia, asije akauziwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Akasema: "Munajichokesha bure. Sisi batoto ba Panda tulikunywa shaba mu mayi toka butoto. Aimant haikamatake shaba." Watu walicheka. Mimi, nisikufiche, nilikaa nikafikiri. Baba yetu si alikuwa anatuambia hivyohivyo, kwamba shaba na sumaku hawasalimiani? Nilianza kuamini kwamba mwili wetu wenyewe ndio unaozikataa.

Kesho yake Adolphe aliamka na uso wa kazi. Kumbuka miaka ishirini na sita alikuwa ghalani, kule karakana za kampuni, na huko walimfundisha jambo moja: kitu usichokijua, kipitishie sumaku kwanza, ndipo uulize jina lake. Akaazima sumaku ya Firmin, akatandika gazeti mezani, akaniita. "Mama Sephora, aimant inakamataka paka chuma tu. Sasa pa jicho ya mutoto, chuma iko wapi?"

Akapitisha sumaku kwenye kisanduku, kimya. Kibano, kimya. Wanja wa Dodo, kimya. Akauliza kama kifurushi kilikuwa na kitu kingine. Nikapanda kiti nikateremsha kile kichupa, huku nikimwonya kwamba ni gundi, colle kabisa. Akadondosha tone moja juu ya gazeti, akapitisha sumaku kwa chini. Reine, lile tone likasimama, likaanza kumfuata kama kifaranga kinamfuata mama yake.

"Iyi haiko colle," akasema. "Iyi njo chuma, banaivuruga mu rangi. Weye ulificha chuma juu ya kabati."

Kumbe unampaka mtu chuma machoni, halafu sumaku inashika chuma. Sawa, nimekubali kwa sababu nimeona. Lakini ni nani aliyekaa akafikiri jambo kama hilo? Na wewe huko saluni unawapaka watu chuma kila siku bila kutuambia? Sephora alikipeleka kichupa kwa muuguzi, akapakwa kidogo nyuma ya kiganja, akaambiwa arudi kesho yake. Aliporudi ngozi ilikuwa safi, akaruhusiwa kwa siku moja tu, na kikiwasha anawe haraka.

Jumamosi asubuhi Dodo alikuja na mkoba wake. Sephora alikuwa amekaa karibu na dirisha, gauni bado limetundikwa. Bado hakuwa amesema kama atalivaa. Dodo akachora nyusi, akafungua kichupa, na Sephora akamzuia mkono. "Apana. Mama njo ataniweka."

Nilitazama nyuma yangu, kana kwamba kuna mama mwingine. Nikamwambia mikono yangu ni ileile iliyomimina chupa. Alifumba macho, akanipa uso.

Nilipangusa ngozi kwa kitambaa kikavu. Nikachora mstari wa kwanza pale pale kope zilipokuwa zikiota, tukangoja Salamu Maria tatu. Adolphe alisema rangi isipokauka haishiki, kwa hiyo juu ya mstari wa kwanza nikaweka wa pili, na Salamu Maria tatu nyingine. Sijui kama nilikuwa namwombea mtoto au rangi. Kisha nikausogeza ukope kuanzia katikati ya jicho, na kabla sijauachia uliruka wenyewe. Nilishtuka hata nikauambia pardon. Ule wa kushoto niliuweka umegeuka, unaangalia chini, mtoto akawa kama yuko msibani. Dodo akaugeuza, ukashika.

Sephora alifumbua macho. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, halafu akanitazama mimi, machoni. Mwezi mzima ulikuwa umepita. Kisha akasema, "Muniletee robe." Nikakimbilia gauni.

Kanisani yote yalikwenda vizuri. Padri alihubiri kwa muda mrefu na kope hazikusogea. Ni mlangoni mwa ukumbi, kabla ya kuingia, nilipomkumbatia. Hapo nililia kweli, shavu kwa shavu, na tulipoachana jicho la kulia lilikuwa tupu.

Kila mtu akainama. Walitafuta kwenye gauni, kwenye viatu, kwenye maua. Firmin akatoa sumaku yake akaipitisha juu ya vumbi lote la mlangoni, akaokota misumari miwili na kifuniko cha bia. Ukope hakuna. Muziki umeshaanza, wageni wamesimama, na mimi nawaza kwamba nimemharibia mtoto mara ya pili. Sephora aliniangalia, lakini juu kidogo ya macho yangu, akabana midomo. Halafu akauvuta ule wa kushoto, akaniwekea kiganjani. "Tuache. Jean-Luc ananijua." Jean-Luc akacheka, akampa mkono, wakaingia. Alicheza macho matupu hadi jioni, na sikusikia mtu akisema samaki.

Bado nina maswali, mdogo wangu. Ule mstari unatolewa na nini? Mimi baadaye nilijaribu kichupa kwenye macho yangu, na leo ni siku ya tatu bado niko nao, nimeosha kwa sabuni hadi nikalia. Je, mtu akilala nazo kwenye kitanda cha chuma inakuwaje? Na ule ukope mmoja niliobaki nao nimeubandika kwenye kifuniko cha sufuria kubwa usipotee, lakini mwenzake wa kulia uko wapi, mimi...

Alhamisi asubuhi.

Niliacha hapo jana kwa sababu Sephora na mume wake walibisha hodi, wakaleta picha za mpiga picha. Tulizitazama moja moja. Kwenye ile ya familia nimesimama katikati na kitambaa changu cha kijani, kile ninachokifunga kwa pini kubwa ya chuma juu ya paji la uso. Na kwenye pini, Reine, umelala ukope. Uko kwenye ile ya keki. Uko kwenye ile ninayompa padri mkono. Nimezunguka harusi nzima nikigawa chakula na jicho la tatu.

Nilimuuliza Sephora kama aliuona. "Nilionaka toka pa mulango," akasema.

"Na unanyamaza?"

"Minye nilibeba mwezi muzima, mama. Weye ubebe paka siku moja tu."

Akacheka hadi akashika ukuta, nami nikacheka, na Jean-Luc maskini hakujua acheke na nani. Nilienda kuangalia kitambaa kwenye sanduku. Ukope uko palepale, umeshika.

Baadaye jua lilipopungua, Sephora alisema anasikia baridi, tuwashe mbabula. Nilimwambia baba yake ndiye anayewasha siku hizi. Akakataa. Akaniwekea kiberiti mkononi, akainama kando yangu, uso wake karibu na makaa, akaanza kupuliza.

Nimekuwekea ile picha ya familia ndani ya bahasha, tazama kitambaa. Utusalimie Carine na Kalenga, uwaambie mama yao mkubwa wa huku hajawasahau. Adolphe anakusalimu na kuuliza ile rangi ina chuma kiasi gani. Firmin anakusalimu. Dodo anaomba ukipata kisanduku kingine umtumie, lakini na karatasi ya Kifaransa. Mungu aliyelinda macho ya mtoto wetu akulinde na wewe katika nchi ya watu, na mkono wako ubarikiwe popote unapougusa uso wa mtu.

Mimi dada yako akupendaye, hata nisipokuelewa,

Angèle