Shoga Yake Nani?

Mdogo wangu Neema,

Hamjambo hapo Tanga? Sisi hapa Brooklyn Park wazima. Theluji inayeyuka, nami nakaribia kumaliza sekondari. Umeniuliza kama mashoga wa huku wako kama wale wa kwenye vichekesho. Kaka Imani amekubali nikujibu.

Bibi alipotutembelea, nilikuwa nikimtafsiria runinga. Jioni moja mwanamume wa kwenye kichekesho alikuwa akirembua macho na kupiga mayowe. Mjomba akainuka, akamwiga huku akikata kiuno. Tulicheka wote isipokuwa Imani. Mimi peke yangu nilijua kwa nini, maana alikwisha kuniambia siri yake, na bado nilicheka.

"Kafanya nini huyo?" Bibi akauliza.

"Ni shoga, Mama!" Mjomba akajibu.

Kwa Bibi, shoga ni mwanamke mwenzake wa kupiga naye soga. "Shoga yake nani?"

Mjomba akaangua kicheko. "Haya, semeni, yake nani?" Akamgeukia Imani.

"Shoga yangu mimi," nikasema.

Kicheko kikakatika. Imani akainua macho.

Wale wa vichekesho sijui wanamwiga nani, Neema. Ninayemjua mimi alikaa kimya tulipokuwa tukicheka.

Dada yako,
Rehema