Bibi alitia dole gumba, sikumsomea barua

Shangazi mpendwa, naomba msaada, ila usinidhanie mtu wa kulialia, mimi ni kinyozi, tena si kinyozi hivi hivi, mtaa mzima unaniita Meya kwa ajili ya huu mdomo, maana shule niliiacha njiani lakini maneno niliyamaliza yote.

Mwaka jana nilinunua gari. Mlango mmoja unafunguka kwa ndani tu, lakini ni gari! Sasa pa kuliegesha sina, kwa sababu mbele ya kibanda changu kulikuwa na njia ya waendao kwa miguu na benchi refu ambalo wateja walikaa wakicheza drafti wakingoja zamu, nami kwa ujuaji wangu nikawaandikia manispaa kwamba mtaa wetu nao uendelee, benchi ling'olewe yawekwe maegesho, na lile pengo la kuvukia kwenye ukuta wa katikati ya barabara lizibwe ili magari yasisimamesimame, nikazunguka na daftari nikapata sahihi mia moja na tatu, ya kwanza ya bibi yangu mwenyewe, aliyemzaa mama, ambaye hajui kusoma wala sikumsomea, alitia dole gumba huku anacheka, "Kama ni ya mume wangu, naitia hata kama ni ya kuniuza."

Shangazi, wakanisikiliza! Benchi wakang'oa. Maegesho yakajaa magari ya watu wa benki ya kona, ambao vichwa vyao wananyolea hukohuko kwao, na mimi Meya mzima naegesha mtaa wa tatu. Wateja wangu hawana pa kungojea, wengi wamehama. Nikinyoa vichwa kumi, sita vinaishia kwenye tangi na gereji.

Bibi anakaa ng'ambo ya barabara, paa lake naliona nikiwa nimeshika mashine. Zamani kila asubuhi alikuja na chupa ya chai, akakaa benchini akawafunga watu drafti mpaka wakasahau zamu zao. Wiki jana alikwama pengoni akingoja magari yapungue, chai ikapoa, akarudi kwake. Mimi nikimwendea kwa gari nazunguka mpaka kule mbali magari yanapogeukia, dakika arobaini, kumfikia mtu ambaye nikimpigia mluzi anageuka. Juzi akaniambia, "Mume wangu, tangu uoe huyo mke mdogo anayekunywa mafuta, sikuoni." Nikacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Alhamisi saa nne manispaa wanakutana na wakazi kuhusu kuziba pengo, ofisini kwao, jirani na kibanda changu, na wa kuitetea barua ni mimi. Nikigeuka, mtaa utanicheka mpaka nywele zao ziote upya. Nikinyamaza, bibi atafungiwa ng'ambo kwa dole gumba lake mwenyewe. Nifanyeje?

Meya wa Mashine

SHANGAZI ANAJIBU

Meya, nimecheka, kisha nimekasirika, kwa hiyo kaa chini, kama umebakiwa na pa kukaa.

Kununua gari si kosa. Kosa ni kuugeuza mtaa kuwa banda la kulilaza. Umeng'oa benchi la watu sita, ukaweka magari yanayosinzia kutwa, halafu unashangaa wateja wamekwenda wapi! Wewe unayehesabu vichwa kwa riziki, hesabu hiyo ilikupitaje? Na dakika arobaini za nini, mwanangu, miguu uliiuza ukanunulia tairi? Lakini lililoniuma zaidi ni kumfanya mzee atie dole gumba kwenye karatasi ambayo hukumsomea. Hapo usiseme ni mdomo. Ulimdanganya.

Unaogopa kuchekwa? Watu wanakuinamishia shingo nawe umeshika wembe, utawaogopaje! Watacheka siku mbili, ya tatu watakuja kunyolewa.

Leo funga kibanda mapema, uende kwa bibi, umsomee barua yote, hasa ile sehemu unayojivunia. Akikutukana, pokea. Kisha muulize yeye anataka nini, na uandike kama anavyosema. Kesho chukua daftari lilelile, mlango kwa mlango, uwaambie waliotia sahihi kwamba ulikosea: pengo libaki, lichorwe mistari ya kivuko, yawekwe matuta ya kupunguza mwendo, na nafasi mbili za maegesho zirudi kuwa benchi. Usiniambie haiwezekani. Barabara ile haikushuka na mvua, watu waliichora mezani, na wakiombwa vizuri watachora tena. Manispaa iliyosikia upuuzi wako kwa sahihi mia moja na tatu, itashindwaje kusikia busara yako kwa sahihi mia mbili?

Gari usiliuze kwa hasira, ila Alhamisi liache lilale. Mfuate bibi kwake mapema, mtoke kwa miguu, chupa ya chai ubebe wewe, mvuke pengoni kwa mwendo wake, usimvute mkono. Mtachelewa tu. Mkiingia, mwenyekiti wa kikao atauliza Meya alikuwa wapi muda wote huo na ofisi iko jirani na kibanda chake.

Wewe nyamaza, mara moja tu katika maisha yako. Mwache bibi ajibu.