Mama Tony Alivyotuombea kwa Sababu ya Farasi

Kwako dada yangu Syombua,

Pokea salamu zangu kutoka Bowie, huku Marekani, kwa binti yangu Mwende, ambaye sasa ni nesi mkubwa na nyumba yake ina vyoo vitatu. Mimi ni mzima, ila nimekasirika hadi chai hainishuki.

Mwende amepanga kunipeleka Jumamosi kwenye uwanja wa zamani wa mbio za farasi. Nilifurahi sana, maana sisi tumezoea punda, nami nataka kuona mnyama akikimbia bila mitungi ya maji mgongoni. Basi jana kanisani, wakati wa maombi, Mama Tony, mshirika mwenzetu anayekaa mtaa wa Oxon Hill, akasimama, akafumba macho, akaomba: "Bwana, mkumbuke dada yetu Mwende, anayempeleka mama mzee kwenye kamari."

Huo ni udaku, Syombua, ameufunika kwa amina! Mtoto wangu, kiongozi wa kwaya, akainamisha kichwa na kuninong'oneza, "Mum, tuache tu hiyo safari."

Tuache? Nikasimama nikaomba kwa sauti kumshinda: "Baba, farasi uliwaumba wewe. Hatubeti hata shilingi, tunaenda kutazama. Na kama Mama Tony ana shaka, mguse moyo aje atuchunge. Gari la Mwende ni kubwa." Kanisa zima likaitika amina.

Tulipotoka nje akanishika mkono: "Mama Mwende, kwani mnatoka saa ngapi?"

Sasa nina hasira, na juu ya hasira nina abiria. Wabusu watoto wote, na Mungu akulinde na watu wa kukuombea kwa sauti.

Dada yako,
Mama Mwende