Usimletee Eva Kitu cha Betri

Dirma, Desemba

Kaka Evarist, shikamoo.

Huku mvua imenyesha vizuri na ng'ombe mweupe amezaa. Mama anasema ukija Krismasi utakunywa maziwa mpaka uchoke.

Jana nilikwenda mnadani kutafuta zawadi za watoto. Nilipofika penye midoli ya plastiki inayowaka taa, niligeuka. Nikaenda kwa Ludovika, fundi cherehani anayeshona midoli kwa mabaki ya vitenge, nikamchukulia Eva mmoja. Akaniuliza, "Dada, mbona unalia?"

Kaka, nilikuficha. Lile gari dogo ulilomtumia Eva lilivunjika, na mwanangu akameza betri yake, ile bapa kama kifungo. Tulipanda basi mpaka hospitali ya Haydom huku anatokwa na mate yenye damu. Nilidhani nitarudi na maiti. Daktari aliitoa, akaniambia, "Mama, imemuunguza koo."

Usijilaumu, hata mimi nililifurahia gari lile. Vipande vyake bado viko juu ya kabati. Nikivitupa ndama watakula, na nikivichoma ni moshi wa sumu. Wewe ukija, leta miche ya parachichi, tupande na Eva.

Bado naogopa. Akilala naweka sikio kifuani pake. Leo asubuhi alijikwaa mlangoni akaanguka, akalia mpaka machozi yakalowesha gauni. Lakini kaka, sauti haikutoka.

Njoo mapema.

Mdogo wako,
Marieta