Lozi Moja Sikioni

Leylands, Leeds, Jumatano

Mshauri mpendwa wa gazeti letu, nakushika miguu, nisaidie kabla ya Jumamosi, na tafadhali jina langu usilichapishe. Mimi ni mpiga pasi wa miaka ishirini na sita, pombe naionja pale dini inaponilazimisha tu, na jana Jumanne ilikuwa siku ya harusi yangu, lakini leo Jumatano bado ni kapera, na kosa langu silijui, na kila ninayemuuliza ananitazama kama nimemuuliza jua linachomoza upande gani.

Mchumba wangu anaitwa Mirel, anashona vitundu vya vifungo kwenye karakana ileile ya Bwana Zundel ninayopigia pasi mimi, ila sisi wanaume wa pasi na cherehani tuko juu, na wao wanawake kumi na watatu wako chini kwenye iliyokuwa stoo ya makaa, na tulijuana mwaka juzi wakati akina mama wa Kiayalandi wa kiwanda cha kitani walipogoma, yeye akapita mlango kwa mlango akikusanya mikate na samaki wa chumvi awapelekee, nikamwambia, "Dada, hawa si watu wetu," akanijibu, "Na njaa yao ni ya watu gani? Shika kikapu," nikashika kikapu, na tangu siku hiyo sijakiweka chini.

Sasa karakanani kwetu hali ilikuwa mbaya, tunaanza saa kumi na mbili asubuhi tunatoka saa tatu usiku, tunakula tumesimama, na chama chetu cha mafundi kilimwandikia Bwana Zundel barua tatu, zote tatu akanipa mimi niwashie jiko la pasi, nikawashia, ndipo Mirel akaniambia, "Barua anaweza kuichoma, lakini Jumamosi sinagogini anakaa ukuta wa mashariki, penye viti vya wakubwa, mbele ya watu wote, atakimbilia wapi? Simamisha Torati." Unaijua desturi yetu hiyo ya zamani, kwamba aliyedhulumiwa anaweza kwenda kwenye meza ya kusomea na kuzuia Torati isisomwe mpaka watu wamsikilize. Nikamwambia, "Mirel, Jumamosi hii ndiyo ninayoitwa mbele kwenye Torati nibarikiwe kwa ajili ya harusi yetu!" Akasema, "Vizuri, utakuwa tayari umevaa."

Basi akaniandikia madai kwenye karatasi, akanitumia Alhamisi, nikayakariri huku napiga pasi, na kwa kuwa Sabato hatubebi kitu njiani, Ijumaa kabla jua halijazama nikaenda sinagogini kuiweka karatasi ndani ya kitabu changu cha sala chini ya benchi langu. Jumamosi Torati ilipotolewa nikaenda mezani, nikaitandaza karatasi, nikapiga meza kwa kiganja nikasema, "Leo hatusomi mpaka nisikilizwe," na miguu yangu ilikuwa inatetemeka, sikufichi. Reb Kopel, mwangalizi wa sinagogi, akaanza, "We Getzel, una wazimu? Siku yako mwenyewe?" na mzee mmoja nyuma akapiga kelele, "Shuka hapo, chungu changu kinaungua!" maana vyungu vyote vya maharage na nyama vilikuwa kwa mwoka mikate tangu Ijumaa, kwa kuwa Sabato hatuwashi moto, na mwingine akamjibu, "Musa alikaa mlimani siku arobaini bila kula, wewe dakika kumi zimekushinda?"

Nikasoma. Nilisoma saa za watu wa cherehani, nikasoma saa zetu wapiga pasi, nikasoma wapiga bandi, wale wanaoshikiza nguo kwa uzi, na muda wao wa kula, nikasoma hata dirisha la upande wangu ambalo halijafunguka tangu niajiriwe, nikafika mwisho wa ukurasa. Karatasi ilikuwa na maandishi nyuma pia, ila nyuma nilikuwa sijakufikia kukariri, na Mirel akianza kuandika hamalizi, nikadhani ni salamu na shukrani, na watu walikuwa na njaa, basi nikaikunja nikairudisha kitabuni. Bwana Zundel akasimama mwekundu kama kiazisukari, akasema, "Haya, haya! Saa moja jioni watatoka, na chakula watakaa wale, na dirisha nitalitengeneza! Someni, jamani, twendeni tukale!"

Papo hapo lozi moja ikanipiga sikioni. Wanawake huja na lozi na zabibu kwenye roshani yao wamrushie bwana harusi akishaitwa, hilo nalijua, lakini mimi nilikuwa bado sijaitwa, na ilikuwa moja tu, na ilirushwa kwa nguvu. Na sikuitwa kabisa, maana Reb Kopel kwa hasira zake alichukua mwito wangu akampa Bwana Zundel, nikasimama pale nikimtazama tajiri wangu anaitwa kwenye Torati kwa ajili ya harusi yangu.

Jumatatu Bwana Zundel akatia sahihi mbele ya chama, wenzangu wakanibeba mabegani, "Getzel! Getzel!", tukatoka saa moja jioni kama waungwana, na nilipopita nikaona taa ya stoo ya makaa bado inawaka kwa kuwa makoti tuliyoyaacha juu yalikuwa hayajatiwa vitundu, nikasema moyoni, hawa dada zetu wana bidii kweli.

Nilipofika nyumbani nikamkuta mama yake Mirel, Bi Hodes, ameniletea karatasi ndogo, na imeandikwa hivi: "Kuna ulichosahau. Kikumbuke, ukiseme Jumamosi palepale uliposimama. La sivyo, mimi kusimama nawe chini ya kitambaa cha harusi siji." Nikamwuliza, "Mama, nimesahau nini?" Akasema, "Mimi najua, mwanangu, lakini nikikuambia utakuwa umeambiwa, hutakuwa umekumbuka." Harusi wameisogeza hadi Jumanne ijayo, na Jumanne ijayo ndiyo ya mwisho, baada yake ni Pasaka na majuma ambayo hatuozi, nikiikosa nitangoja hadi Juni, na Mirel si mtu wa kungojeka hadi Juni, kuna mchapishaji mmoja wa vitabu anayemsalimia sana.

Na kumwuliza mwenyewe siwezi, kwani wiki ya harusi desturi hairuhusu tuonane, yeye anaingia karakanani kwa mlango wa uani na mimi kwa mlango wa mbele. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Pete ninayo. Viatu nimenunua. Siku yake ya kuzaliwa ni Agosti. Jina la mama yake sikulitaja nilipokuwa mezani, labda ni hilo? Nampenda, Mshauri, kiasi kwamba juzi niliunguza kola mbili, na mimi kola sijaunguza tangu nianze kazi. Niambie, nimesahau nini?

Ni mimi, Bwana Harusi wa Jana

*

Bwana Harusi wa Jana,

Umeomba jina lako lisichapishwe, kisha ukaliweka kwenye vinywa vya watu mara tatu. Nimeliacha lilivyo. Mtaa mzima ulikuwepo sinagogini, sioni tunamficha nani.

Nianze na pole na hongera, kwa sababu zinakustahili. Kusimama mbele ya tajiri wako, siku yako, na vyungu vya watu vinakauka, si jambo dogo. Nawajua wanaume wenye ndevu hadi kifuani wanaohutubia juu ya haki kila jioni kwenye vibanda vya chai, na hawajawahi kupiga hata meza ya kwao. Wewe umepiga. Kwa sababu yako wanaume wa karakana ile watakula wamekaa.

Nimemaliza kukusifu. Sasa kaa chini.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umewatetea watu wa cherehani, ukawatetea wapiga pasi, ukawatetea wapiga bandi. Umelitetea dirisha. Dirisha, Getzel! Na chini ya miguu yako, katika stoo ya makaa, kuna wanawake kumi na watatu wanaotoboa macho yao kwa taa ya gesi, na mmoja wao ndiye aliyekutafutia njia, akakuandikia maneno, akakutia moyo wa kusimama. Hao hukuwataja. Jumatatu ukabebwa mabegani ukapita mbele ya taa yao, ukaiona inawaka, ukasema wana bidii. Bidii gani, mwanangu? Wanamalizia makoti yenu. Zile saa mbili mlizookoa hazikupotea, zimeshuka ngazi.

Unaniuliza umesahau nini, na jibu unalo tangu Alhamisi ya juma lililopita. Mimi karatasi hiyo sijaiona na siwezi kuapa. Lakini naweza kukadiria, na mama mkwe wako naye ameweza, na nina hakika hata Reb Kopel angeweza kama angekuwa ameshiba. Mwanamke anayeandika madai ya karakana nzima hajazi nyuma ya karatasi salamu.

Kuhusu lozi. Usimsingizie Bi Hodes wala shangazi yeyote. Moja, kutoka roshani, juu ya vichwa vya wanaume mia, sikioni? Huyo ni mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano kutwa nzima. Ulikuwa umeikunja karatasi na kuirudisha kitabuni mbele ya macho yake, na hakuwa na kitu kingine mkononi.

Najua utakachosema, maana nimeshakisikia kwa wenye elimu kukuzidi: tukipata cha wanaume kwanza, cha wanawake kitafuata. Mimi nimeishi miaka hamsini na nane na bado nakingojea kifuate. Mama yangu alikuwa mjane huko kwetu Litwania, na wazee wa mji walipogawana kuni za maskini wao kwa wao, alishuka kutoka roshani ya wanawake na shali yake kichwani, akasimama mbele ya Torati, akasema, "Watoto wangu wana baridi. Hamsomi." Mzee mmoja akamwambia, "Mama, hapa si mahali pako." Akamwambia, "Basi nipelekeni mahali pangu, lakini kuna baridi huko, ndiyo sababu nimekuja." Kuni zilifika kabla ya giza la Jumapili. Desturi inasema aliyedhulumiwa. Haikusema mwenye ndevu.

Kwa hiyo nisikilize, na usiongeze lako.

Gazeti hili litakufikia Ijumaa. Ijumaa hiyohiyo, kabla jua halijazama, waite wale waliokubeba mabegani uwaulize kama mabega bado yapo. Waambie kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mwanamume anayetoka saa moja huku stoo ikiwa na mtu. Mtaweka pasi chini, mtashuka ngazi, mtasimama mlangoni mpaka dada zenu nao wavae makoti. Bwana Zundel atakasirika. Mwachie hasira zake, anazihitaji, kwa sababu koti lisilo na vitundu ni blanketi lenye mikono, na wateja wake hawanunui blanketi lenye mikono. Ukisema desturi inakukataza kumwona Mirel wiki hii, simama umeangalia ukuta. Kugoma kwa kuangalia ukuta hakujakatazwa popote.

Na chama chenu kiwaandikishe wale kumi na watatu. Nimeambiwa wanawake hawaandikishwi kwa sababu chumba cha mkutano ni kidogo. Leteni benchi.

Jumamosi utakwenda sinagogini mapema. Utaingiza mkono chini ya benchi, utatoa kitabu chako cha sala, utatoa karatasi, na utaigeuza. Soma kimyakimya. Kama unayoyasoma ni salamu na shukrani, basi nimekukosea na nitakuomba radhi kwenye ukurasa huuhuu. Sidhani kama nitaiomba.

Torati itakapotolewa, piga meza. Watakupigia kelele zaidi ya juma lililopita, kwa kuwa sasa wanakujua. Waache. Kisha usisome. Nasema tena, Getzel, usisome, ingawa utakuwa umeshajua kusoma. Maneno hayo yana mwenyewe, na mwenyewe ana sauti, yuko juu yako hatua ishirini na anayajua bila karatasi. Inua uso utazame roshani, useme, "Mirel, upande wa pili sikuusoma. Usome wewe." Baada ya hapo kazi yako ni kukaa kimya na kuhakikisha hakuna anayeifungua Torati mpaka amalize. Ni kazi ngumu kuliko kuhutubia.

Na ukisema utamwona kabla ya harusi, nakujibu kwamba roshani ina pazia, na kwamba Mungu amewahi kusamehe makubwa kuliko hayo.

Akimaliza, subiri. Ikikuangukia lozi moja, rudi ukae, fikiri tena. Zikikuangukia nyingi, usijifunike kichwa.